Dhamana Hudai Maelezo



Andrew Chenge alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali hadi mwaka 2005, kisha Mbunge wa Bariadi na Waziri. Aprili 2008 alijiuzulu Uwaziri wa Miundombinu, ilipofichuka kwamba alikuwa na zaidi ya dola milioni 1 katika akaunti kisiwani Jersey, wakati ununuzi wa rada kutoka BAE ya Uingereza ukichunguzwa. Fedha hizo aliziita "vijisenti".

Alikanusha kuhongwa, wala hakushtakiwa kwa jambo hilo. Wapiga kura walimrudisha Bungeni mwaka 2010 na 2015, ingawa mwaka 2014 alitajwa pia katika sakata la Escrow. BAE ilikiri kutotunza hesabu ipasavyo, ikailipa Tanzania pauni milioni 29.5, zikanunua vitabu na madawati.

Sheria hudai ushahidi, na bila ushahidi mtu haadhibiwi. Lakini uongozi ni dhamana, nayo hudai maelezo. Mwalimu wa Bariadi hudaiwa stakabadhi ya boksi la chaki. Basi naye anayo haki ya kumdai kiongozi maelezo ya mamilioni, wala asijibiwe kwa dharau.