Koki Inayocheza na Tundu Ukutani

Msikilizaji wa Kahama, Geita na Shinyanga mjini, kamata koki ya bomba la mvua bafuni kwako uitikise kidogo. Ikicheza, na plasta pembeni yake imefanya ufa, usikimbilie kupaka rangi.

Nyumba zetu nyingi ni za tofali za udongo zilizopigwa plasta nyembamba. Maji yakipenya nyuma ya koki, tofali hulainika kimyakimya, na siku bomba linapong'oka linatoka na kipande cha ukuta.

Funga maji kwanza. Gonga plasta kwa mpini wa nyundo: panapolia kama debe tupu, bandua pote kwa tindo, hata kama tundu litakuwa kubwa kuliko ulivyopenda. Fungua koki uitoe, zungushia tepu nyeupe ya mafundi kwenye nyuzi, kaza, kisha rudisha maji na uangalie kama panavuja. Bomba lenyewe libane kwa kibanio, skrubu na fisha. Plasta haishiki bomba.

Lowesha tundu, jaza saruji moja kwa mchanga mitatu, nyunyizia maji siku saba. Mchanga uwe wa mtoni, safi. Kuna wanaochota marudio, yaani mchanga uliobaki kwenye machimbo ya dhahabu, kwa kuwa ni ya bure. Marudio hayo huweza kuwa na zebaki, usiyaingize ndani ya nyumba.

Pakikauka, kisahani cha duara cha koki kitaficha kiraka. Kizungushie silikoni, ila chini acha upenyo mdogo: pakivuja tena, maji yatatokea hapo uyaone.