Makala ya Mtu na Kanuni Iliyombana

Uandishi wa makala hujifunzwa vizuri zaidi pale maisha ya mtu mmoja yanapogongana na kanuni iliyowekwa na wengine: sheria, mila, amri ya ofisi. Habari ya siku husema kilichotokea, ikaisha. Makala huuliza ni utaratibu gani uliokiruhusu kitokee, nani ananufaika nao, na aliyeumizwa anajitambuaje baada ya hapo. Kwa sababu hiyo visa vya utambulisho, uhuru na dhuluma ni darasa kuu la kazi hii. Ufipa na majirani zake, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, wanavyo visa hivyo vya zaidi ya karne moja, na mwanafunzi wa Pito, pembezoni mwa mji wa Sumbawanga, hahitaji kwenda Dar es Salaam kutafuta mada.

Kimojawapo cha visa vya zamani kilisimuliwa na mhusika mwenyewe. Adrian Atiman alizaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa utotoni, akakombolewa kwa fedha na Mapadre Weupe huko Algeria, akasomea utabibu Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Alitibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni rahisi kuishia kwenye sifa za mtumwa aliyegeuka tabibu, na sifa hizo anastahili. Lakini mtoto yule hakurudishwa kwao. Dini, masomo na safari ya kuvuka bara vilipangwa na waliomlipia. Makala iliyokomaa huweka yote mawili mezani, wema wa kukombolewa na mipaka ya uhuru uliopatikana, bila kumfanya Atiman mtakatifu wala kibaraka.

Wanawake waliopitia utumwa katika ukanda huohuo wanafundisha jambo gumu zaidi. Masimulizi ya Narwimba na wenzake yaliandikwa kwa Kijerumani na mmisionari wa Moravian, Elise Kootz-Kretschmer, na mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright akayachambua katika kitabu juu ya maisha ya watumwa na wanawake wa eneo hili. Anayeyasoma akitarajia minyororo inayokatika hatapata alichokitaka. Wanawake wale walitafuta mlinzi: mume, ndugu, mkubwa wa kijiji. Mwanamke asiye na mtu wa kumsimamia angeweza kutekwa au kutolewa kulipia deni la wengine, na hivyo kuwa na kwao ndiko kulikokuwa karibu zaidi na uhuru. Mwandishi anayemhoji mtu aliyedhulumiwa hujifunza hapa kuweka kando picha yake ya ukombozi na kusikiliza kile ambacho mtu huyo alikihesabu kuwa usalama. Ipo pia tahadhari ya chanzo: maneno ya Narwimba yametufikia kupitia mkono wa misheni, na msomaji ana haki ya kuambiwa hivyo.

Mauaji ya watu wenye ualbino yaliipa kazi hii mtihani mwingine. Mwaka 2008 Vicky Ntetema, aliyeiongoza ofisi ya BBC Dar es Salaam, alikwenda kwa waganga akijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri, akaonyesha kwamba viungo vya binadamu vilikuwa na bei. Alitishiwa maisha. Uzito wa kazi yake ulitokana na kulifuata soko lenyewe. Picha ya majeraha pekee humhuzunisha msomaji, kisha humwacha akiamini kwamba ni ushirikina wa vijijini tu, wakati anayelipa fedha nyingi hawezi kuwa mkulima maskini. Mkoa wa Rukwa nao ulipatwa na mashambulizi hayo mwaka 2013. Kwa aliyenusurika, kutaja kijiji chake, njia yake ya shule au saa za mzazi wake kutokuwepo nyumbani ni kumwelekeza mshambuliaji. Maelezo ya aina hiyo hubaki katika daftari la mwandishi hata kama yangependezesha aya ya kwanza.

Kisa chenye mafunzo mengi kuliko vyote ni cha wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972. Walipewa makazi Katumba na Mishamo, wilaya ya Mpanda, iliyokuwa sehemu ya Rukwa hadi mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012; wengine walikaa Ulyankulu, Tabora. Mtafiti Liisa Malkki, katika kitabu cha mwaka 1995, alilinganisha wakazi wa Mishamo na wakimbizi wa mjini Kigoma. Kambini watu walijenga historia ya pamoja na kujiona taifa lililo uhamishoni. Mjini wengi waliliepuka jina la mkimbizi na kujichanganya na majirani. Walitoka nchi moja, lakini mazingira yaliwapa utambulisho tofauti. Baadaye serikali ya Tanzania iliwapa nafasi ya kuchagua kurudi Burundi au kuomba uraia. Wengi wakachagua kubaki, na kufikia 2010 maombi ya zaidi ya watu 160,000 yalikuwa yamekubaliwa. Vyeti vya uraia, hata hivyo, vilifungwa na sharti la kuhamia mikoa mingine, na ugawaji wake ulianza mwaka 2014. Kwa miaka ile mtu hakuwa Mrundi tena, wala hakuwa na karatasi ya kuthibitisha Utanzania wake. Sehemu hii ya kisa haina damu wala adui wa kuonyeshwa kidole. Mwandishi hulazimika kujenga mvutano kutokana na mambo ya kawaida: nyumba isiyokarabatiwa kwa kuwa mwenyewe ameambiwa atahama, shamba lisilopandwa miti ya kudumu. Huko ndiko ufundi wa makala unapopimwa.

Pito yenyewe ina mazoezi ya kila msimu. Pembezoni mwa manispaa mashamba ya mahindi na maharage hukutana na viwanja vinavyopimwa, na mjane anayedaiwa shamba na ndugu wa marehemu ni mada halisi. Mwandishi huanza na mjane, kisha hufungua sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ya jinsia. Upande wa mirathi, Tamko la Sheria za Mila la 1963 linawabana wajane wa jamii zinazofuata ukoo wa baba. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri la wajane wawili, ilikiri ubaguzi huo lakini haikuzifuta kanuni. Linafuata swali la mlango wa kubisha: tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, na usuluhishi ukishindikana shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Ndugu wa marehemu nao huhojiwa, kwa urefu na kwa heshima ileile, maana mara nyingi wanaamini kwa dhati kwamba wanalinda ardhi ya ukoo. Kabla ya kuchapishwa, mjane husomewa sehemu inayomhusu, akiwa na haki ya kuondoa jina lake, kwani yeye ndiye atakayebaki akiishi na majirani haohao.