Kodi Moja kwa Wote: Maana Yake Nini?

Hotuba ya karani wa mgodi mbele ya wanachama, Majengo, Goma



Nimeombwa niseme juu ya kodi, na najua kodi si neno la kumfurahisha mtu. Lakini yafaa tuzungumze, kwa kuwa kuna maneno yanayozunguka humu mtaani, tangu soko la Virunga mpaka kwa vijana wa chukudu. Ndugu zetu waliohamia Marekani, hasa wale waliopokewa katika jimbo la Michigan, wanatuambia kwamba huko tajiri na maskini hulipa kodi ya jimbo kwa kiwango kimoja. Basi wengine wetu wanasema: "Hiyo ndiyo haki, na sisi tupate kodi moja kwa wote." Wengine, wazee hasa, wakisikia "kodi moja" wanashtuka. Mabwana, makundi haya mawili hayasemi juu ya kitu kimoja, na ndiyo maana hayasikilizani.

Kodi inayowashtua wazee ni kodi ya kichwa. Wabelgiji waliiweka kwa amri ya mwaka 1910: kila mwanamume mzima mwenye nguvu atoe fedha, awe na kazi au asiwe nayo. Kiasi kilitofautiana mahali na mahali, lakini mahali pamoja jirani na jirani walidaiwa sawa, bila kuulizwa nani amevuna na nani amekosa. Mwenye wake wengi aliongezewa. Asiyetoa alifungwa. Na kwa kuwa fedha haioti shambani, mtu ilimbidi auze mazao yake kwa bei aliyopewa, au aende kutafuta mshahara katika mashamba ya wazungu na migodini. Hiyo ilikuwa mojawapo ya shabaha za kodi ile, wala haikufichwa sana. Desturi ya kutoza vichwa haikufa mara moja hata baada ya uhuru wa nchi zetu. Tanzania iliifuta kodi yake ya maendeleo, iliyotozwa watu wazima, mwaka 2003 tu.

Kodi ya Michigan ni kitu kingine kabisa. Haitozi kichwa, inatoza pato. Ilianza mwaka 1967, na katiba ya jimbo ya mwaka 1963 imekataza kodi ya mapato yenye ngazi, yaani ile inayopanda kadiri pato linavyopanda. Kwa mapato ya mwaka 2024 kiwango kilikuwa dola 4 na senti 25 katika kila dola 100. Mwenye pato kidogo hutoa kidogo, mwenye pato kubwa hutoa kubwa, ila kipimo ni kile kile. (Serikali kuu ya Washington ina kodi yake nyingine, nayo ina ngazi, na mji wa Grand Rapids huwakata wakazi wake dola 1 na nusu katika 100. Kwa hiyo ndugu yako akilalamika kwamba mshahara umekatwa mara tatu, usimwite mwongo.)

Kazi yenyewe huenda hivi. Mwajiri hukata kila siku ya mshahara na kupeleka serikalini. Mwaka ukiisha humpa mfanyakazi hati ya kuonyesha alichopata na alichokatwa. Mfanyakazi mwenyewe hujaza fomu ya jimbo, na siku ya mwisho kwa kawaida ni tarehe 15 Aprili. Kama alikatwa kupita deni lake, hurudishiwa. Kama alikatwa pungufu, huongeza. Asiyejaza fomu hapati marejesho, hata kama yalikuwa haki yake.

Sasa sikilizeni sana hapa, maana hapa ndipo penye kiini. Kabla ya kupiga hesabu, jimbo huacha sehemu ya pato isiyoguswa kwa kila mtu wa nyumbani: mwaka 2024 ilikuwa dola 5,600 kwa mtu mmoja. Chukueni baba mwenye mke na watoto watatu, watu watano, na nyumba nzima imepata dola 40,000. Zinaondolewa 28,000. Zinabaki 12,000, na kodi yake ni dola 510. Kijana asiye na mke wala mtoto, mwenye pato lile lile la 40,000, anaondolewa 5,600 tu. Kodi yake ni dola 1,462. Na bwana mkubwa aliye peke yake, mwenye 400,000, atatoa dola 16,762. Pimeni wenyewe: yule baba ametoa dola 1 na senti 28 hivi katika kila 100 alizopata, kijana dola 3 na senti 66 hivi, bwana mkubwa dola 4 na senti 19. Kiwango ni kimoja, lakini mzigo si mmoja, na sababu ni ile sehemu isiyoguswa. Iondoeni, na wote watatu watakatwa 4 na senti 25 sawasawa, mwenye watoto na asiye nao.

Sasa turudi kwetu. Kila mwezi naandika orodha ya mishahara (wapo wanaodhani karani ndiye anayekula makato, laiti ingekuwa hivyo ningejenga ghorofa). Kwa jedwali la Kongo lililotumika mwaka 2023, kodi ya mshahara ilikuwa na ngazi: faranga 3 katika 100 kwa faranga 1,944,000 za kwanza za mwaka, kisha 15, kisha 30, kisha 40. Kwa maneno ni kodi ya kumhurumia mdogo. Lakini tazameni pembe zake mbili. Juu kabisa, kodi yote haikuruhusiwa kupita 30 katika 100. Nimepiga hesabu, na mtu akifika kama faranga milioni 78 kwa mwaka, basi tangu hapo ngazi zimekwisha, kiwango kimeganda. Na chini kabisa, hakuna aliyetakiwa kutoa pungufu ya faranga 2,000 kwa mwezi, hata mshahara wake uwe mdogo namna gani. Mimi naona hiyo 2,000 ni mtoto wa kodi ya kichwa.

Na watoto wetu je? Jedwali lile halikuacha sehemu ya pato kwa kila mtu wa nyumbani. Lilipunguza kodi yenyewe, sehemu 2 katika 100 kwa kila mtegemezi, mwisho wategemezi 9. Mwenye mke na watoto wanne, akipata zile 1,944,000, kodi yake ni 58,320, naye anapunguziwa 5,832. Hizo hazifiki faranga 500 kwa mwezi, kwa vinywa vitano.

Kwa hiyo mtu akija hapa Majengo akawaahidi kodi moja kwa wote, msimpigie makofi wala msimfukuze kwanza. Mwulizeni: moja ya faranga, au moja ya sehemu katika mia? Akisema ya sehemu katika mia, mwulizeni kiasi gani hakitaguswa, na kama watoto wamehesabiwa. Kisha mwulizeni juu ya muuzaji wa soko la Virunga na mwenye chukudu, ambao hawana mwajiri wa kuwakatia: pato lao litapimwa na nani, na kwa daftari gani?

Wenye hati za mishahara wasizozielewa wakae nyuma kidogo baada ya mkutano. Nimekuja na kalamu.