Tuwakumbuke Vipi wa Shakahola?

(Maneno kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Magarini)



Nimeombwa niseme juu ya mnara. Vikundi viwili vitatu vinauliza: je, tuchange tujenge kitu Shakahola? Swali ni jema. Lakini kabla ya saruji na kokoto, tujue kwanza ni nani tunaowakumbuka.

Makaburi ya msitu ule yalianza kufukuliwa Aprili 2023, na miili iliyopatikana ilipita 400. Wengi walikufa kwa njaa, wakiambiwa ndiyo njia ya kumwona Yesu. Watoto walikuwamo, tena si wachache. Wengi walitoka mbali, hata magharibi ya Kenya, na ndiyo maana nasikia watu wakisema, "Hao si wafu wetu." Hapo nakataa kabisa. Aliyelala katika ardhi yako ni mgeni wako.

Familia za kwanza zilikabidhiwa miili pale Malindi mwezi wa Machi 2024, baada ya vipimo vya DNA. Karibu mwaka mzima wa kungoja! Na waliopata walikuwa wachache. Miili mingi ilibaki na namba tu. Kwa hiyo mimi naona ukumbusho wa kwanza ni jina. Kama kijijini kwenu kuna nyumba iliyopotelewa na mtu na hawajapimwa, msiwaseme kisimani. Wanaona aibu. Mmoja wenu aandamane nao kwa chifu wakaulize utaratibu.

Wazee wetu Wagiriama walilijua jambo hili. Mzee wa Gohu akifa, alichongewa kigango kikasimamishwa bomani, na ukoo ukawa unakijua ni cha nani. Hakikuwa pambo. Wezi waliviuza vingi ng'ambo, na viwili vilivyoibwa 1985 vilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2007. Kule kwenye kabati la kioo kilikuwa mti tu, maana hapakuwa na mtu wa kukiita kwa jina. Sisemi tuchonge vigango Shakahola, marehemu wale walikuwa wa makabila na dini mbalimbali. Nasema tuchukue ule utaratibu wa kujua ni nani.

Mtazameni pia Mekatilili wa Menza, aliyewainua watu dhidi ya Mwingereza mwaka 1913. Kaburi lake liko hapa hapa Magarini, Bungale, na watu huenda kule kumwadhimisha. Ni miguu ya watu iliyomweka hai.

Serikali nayo, kupitia aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Kithure Kindiki, ilitangaza 2023 kwamba msitu ule utakuwa ukumbusho wa kitaifa. Vema. Basi mnara tuwaachie wenye fedha, sisi tuangalie yasiyohitaji tenda. Jamaa wakija kutoka mbali watalala wapi? Nani atawapa uji? Na jina la marehemu lisiandikwe popote kabla ya familia kukubali. Tena sitaki kusikia kijana anawatoza wageni shilingi kuwaonyesha mashimo.

Mengine mtajadili kwenye vikundi. Wanaotaka kupanda miti watafute ruhusa kwanza, maana pale pamekuwa mahali pa uchunguzi wa polisi. Mwarobaini unavumilia ukame wetu. Ila mpange kabisa nani atabeba maji mwezi wa Januari.