Kijani Kisicho na Jani: Majina ya Rangi ya Kiswahili mbele ya Filamu za Bunilizi ya Kisayansi



 Wengi wenu mlitarajia, kutokana na kazi yangu ya miaka mingi, kwamba ningezungumza juu ya ngeli au juu ya vitenzi vya Kiswahili. Nimechagua mada ambayo kwa mzee wa umri wangu huenda ikaonekana kuwa ya kitoto, nayo ni rangi katika filamu za bunilizi ya kisayansi, hasa zile ambazo picha zake zimetengenezwa au kurekebishwa kwa kompyuta. Sababu ya kuichagua ni deni.

Miaka kadhaa iliyopita nilisahihisha tasnifu ya mwanafunzi wa uzamili aliyeandika kwa Kiswahili kuhusu lugha ya picha katika filamu ya The Matrix, iliyotolewa mwaka 1999. Katika ukurasa mmoja alieleza kwamba ule ulimwengu wa uongo, ambamo mashine zimewafungia wanadamu bila wao kujua, umepakwa wote "rangi ya kuvu". Nilikata maneno hayo kwa wino mwekundu nikaandika pembeni: "kijani". Niliongeza kwamba lugha ya kitaaluma haina budi kutumia istilahi sanifu. Mwanafunzi alitii, kama wanafunzi wanavyotii. Nakiri mbele yenu kwamba wakati huo sikuwa nimeitazama filamu yenyewe. Nilipokuja kuitazama, niligundua kwamba yeye alikuwa ameangalia picha, nami nilikuwa nimeangalia kamusi.

Tuanze na lugha. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyopatana na nomino: -eupe, -eusi na -ekundu. Twasema kitabu chekundu, mti mweusi, nyumba nyeupe. Rangi nyingine nyingi huazima jina la kitu na kuunganishwa kwa -a: nguo ya kijani, shati la manjano, kiatu cha kahawia, ukuta wa kijivu, kanga ya zambarau. Nyuma ya kila jina kuna kitu kinachoshikika: jani, bizari, kahawa, jivu, tunda. Samawati imetoka mbinguni. Wazee walisema pia chanikiwiti kwa kijani cha jani bichi, na hadi leo fundi cherehani atakuuliza kama kitambaa ukitakacho ni cha damu ya mzee, na hakuna atakayedhani kwamba kuna mzee aliyejeruhiwa. Rangi ya ngozi twaiita maji ya kunde, jina ambalo kwa maoni yangu ni sahihi kuliko yote niliyowahi kuyasoma katika lugha nyingine.

Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walichapisha utafiti wao maarufu kuhusu majina ya msingi ya rangi. Kiswahili kilikuwamo miongoni mwa lugha 20 ambazo wasemaji wake walihojiwa. Walidai kwamba lugha zote hupanda ngazi moja: kwanza nyeupe na nyeusi, kisha nyekundu, kisha kijani au manjano, kisha buluu, na kuendelea hadi majina 11. Mojawapo ya vigezo vyao ni kwamba jina ambalo pia ni jina la kitu lishukiwe kuwa si la msingi. Kwa kigezo hicho kijani chetu kina mashaka, na manjano zaidi. Wapo waliolisoma jambo hili wakahitimisha kwamba Kiswahili kimebaki kwenye ngazi ya chini, na kwamba anayetaka kuzungumzia rangi kitaalamu sharti ahamie Kiingereza. Hitimisho hilo limeingia hata katika vyumba vyetu vya madarasa. Mimi mwenyewe, kwa wino wangu mwekundu, nililitumikia.

Sasa tuje kwenye filamu, tuone kompyuta imeifanya nini rangi.

Kompyuta ya kawaida huigawa picha katika nukta, na kila nukta huipa namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Mchanganyiko wa namba hizo huzaa rangi 16,777,216. Hakuna hata moja kati yake iliyo rangi ya kitu. Kompyuta haijui jani, haijui bizari. Inajua namba, na namba hubadilishwa kwa kidole kimoja.

Mfano ulio wazi zaidi hautoki katika bunilizi ya kisayansi, lakini niruhusuni niutaje, kwa kuwa ndipo mlango ulipofunguka. Katika filamu ya O Brother, Where Art Thou?, iliyotolewa mwaka 2000, waongozaji walitaka nchi kavu, iliyopauka kama picha ya zamani. Walipiga picha Mississippi wakati wa kiangazi cha huko, miti ikiwa imejaa majani mabichi. Mpigapicha mkuu, Roger Deakins, alishindwa kupata alichotaka kwa njia za maabara. Basi filamu nzima iliingizwa katika kompyuta, na majani yale yakageuzwa yakawa rangi ya nyasi kavu. Ilikuwa miongoni mwa filamu za mwanzo kabisa kurekebishwa rangi kwa njia hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, na leo karibu kila filamu kubwa hupitia huko. Wanaisimu wenzangu, tafakarini jambo hilo: jani lilinyang'anywa kijani chake. Neno letu, ambalo limefunga rangi na kitu katika fundo moja, limekutana na chombo ambacho kazi yake ni kulifungua fundo hilo.

Tukio la pili ni la pazia. Mwigizaji anayetakiwa kuonekana akiruka kati ya sayari husimama studioni mbele ya pazia la rangi moja, na baadaye rangi hiyo hutafutwa na kuondolewa ili mandhari nyingine iwekwe mahali pake. Ufundi huu ulianza zamani kwa buluu. Filamu ya The Thief of Bagdad ya mwaka 1940 iliutumia ikapata tuzo ya Oscar ya madoido maalumu. Buluu ilichaguliwa kwa kuwa ngozi ya mwanadamu ina kiasi kidogo sana cha rangi hiyo. Zilipokuja kamera za kidijitali, kijani kilichukua nafasi, kwa sababu kamera hizo hukipokea kijani vizuri zaidi na pazia lake huhitaji mwanga mdogo. Hapo mavazi yakawa tatizo. Katika Spider-Man ya mwaka 2002, shujaa mwenye nyekundu na buluu alipigwa picha mbele ya pazia la kijani, na adui yake aliyevaa kijani mbele ya la buluu, la sivyo kila mmoja angetoweka na pazia lake.

Kwa hiyo, katika studio ya leo, kijani ni rangi ya kutokuwapo. Kinachovaa kijani hufutwa. Kwetu sisi hilo ndilo jina lililobeba uhai kuliko yote, jina la kitu kilichoota.

Nirudi kwenye The Matrix. Filamu hiyo ilitengenezwa kabla ya marekebisho ya rangi kwa kompyuta kuenea, na kijani chake kilitokana zaidi na mapambo, mavazi, taa na kazi ya maabara. Ulimwengu wa uongo ulielekezwa kwenye kijani. Ulimwengu wa kweli, ulio baridi na mchafu, ukaelekezwa kwenye buluu. Matoleo ya baadaye ya diski yalikikoleza kijani kupita kiasi, na toleo la mwaka 2018 likakipunguza tena. Asili yake haifichiki kwa mtu wa umri wangu: ni ule mwanga wa skrini za kompyuta za zamani, zenye herufi za kijani juu ya giza. Nilizitumia mashine hizo nilipokuwa nikiandaa tasnifu yangu ya uzamivu, na kila jioni nilirudi nyumbani kuta zikiwa zimegeuka waridi machoni mwangu.

Je, kijani hicho ni cha jani? Hata kidogo. Hakuna kinachoota mle. Nyuso za watu zinaonekana kama za wagonjwa, na hewa ya ofisini ni kama ya chumba kilichofungwa masika yote. Mswahili anayetazama picha ile huona kitu anachokijua: mkate uliolala siku nyingi kabatini, ulioanza kuota kuvu. Neno "kijani" lingemwambia msomaji wa tasnifu kwamba kuna afya mahali ambapo mwongozaji ameweka maradhi. "Rangi ya kuvu" linataja rangi, na papo hapo linatoa hukumu. Mwanafunzi wangu hakukosa istilahi. Alikuwa nayo, nami nikampokonya.

Mfano mwingine ni Blade Runner 2049, ya mwaka 2017, iliyompa Deakins huyohuyo tuzo ya Oscar. Shujaa anaingia Las Vegas iliyoachwa mahame, na anga lote ni rangi ambayo Kiingereza hulitaja kwa jina la chungwa. Nasi tumelifuata: rangi ya chungwa. Lakini mnunuzi wa machungwa ya Muheza anajua kwamba huiva yakiwa bado na ganda la kijani. Uchungwa wake umo ndani! Waliotengeneza mandhari ile walitumia mfano wa picha za dhoruba ya vumbi iliyoufunika mji wa Sydney mwezi Septemba 2009. Kwa hiyo tunachokiona ni vumbi, na kwa vumbi Kiswahili kina neno tangu zamani: vumbi jekundu. Kivumishi -ekundu, ambacho wengine hukiona kipana mno, hubeba udongo wa Singida, ng'ombe wa mfugaji na jua linalotua. Hapa upana wake ndio usahihi wake. Anayeandika kwamba anga la filamu ile ni jekundu kama barabara ya vumbi baada ya lori kupita ameandika uhakiki, tena bila kukopa.

Sitaki mdhani kwamba nadai lugha yetu haina upungufu. Mwanafunzi anayetaka kueleza tofauti ya buluu mbili zilizokaribiana atahangaika, na samawati, buluu na nili bado hazijagawana mipaka yake vizuri. Lakini hata hapo kitu hutusaidia. Katika Star Wars ya mwaka 1977 upanga wa mwanga wa Luke Skywalker ulikuwa wa buluu. Katika Return of the Jedi, mwaka 1983, alipewa wa kijani, kwa kuwa pambano moja lilifanyika jangwani mchana na upanga wa buluu haukuonekana vizuri mbele ya anga. Mswahili angewaambia mapema: samawati itapotelea samawatini.

Wanafunzi wa fonolojia watanisamehe nikigusa Avatar, ya mwaka 2009, iliyoongozwa na James Cameron. Watu wa ulimwengu ule ni wa buluu, wametengenezwa kwa kompyuta, wanaishi katika msitu wa kijani uliotengenezwa kwa kompyuta pia. Lugha yao, Kina'vi, ilibuniwa na mwanaisimu Paul Frommer. Katika lugha hiyo neno ean hutaja buluu na kijani pamoja, kama ilivyo katika lugha nyingi za wanadamu, Kizulu kikiwamo. Nililipojua hilo nilicheka peke yangu. Mafundi walikuwa na rangi zaidi ya milioni 16. Mwanaisimu akawapa watu wale neno moja kwa ngozi yao na kwa msitu wao.

Mwaka huohuo wa 2009 mwongozaji Mkenya Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi, filamu fupi ya dakika zipatazo 20. Vita vya kugombea maji vimepita, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, na nje ni jangwa. Ndani ni kijivu na chuma. Nje ni mchanga uliopauka. Rangi zimenyimwa nafasi kwa makusudi, hadi Asha, mtunza makumbusho, anapopata udongo wenye unyevu, anapanda mbegu, nayo inachipua. Hapo kijani kinaingia, kikiwa kidogo kama ukucha, na hakuna neno jingine lolote katika lugha yoyote lililo sahihi kuliko letu, kwa sababu ni jani kweli. Asha anatoroka na mche huo jangwani na kuunyweshea jasho lake mwenyewe.

Filamu hiyo ina jina la Kiswahili, lakini wahusika wake wanazungumza Kiingereza. Siwalaumu waliotengeneza, fedha za filamu zina lugha yake. Mwaka 2021 Neptune Frost, iliyopigwa picha Rwanda, ilikiweka Kiswahili vinywani mwa wahusika pamoja na Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa na Kiingereza, na huo ni mwanzo. Filamu za namna hiyo zitahitaji wahakiki, na wahakiki hao wamo ukumbini humu. Ombi langu kwa walimu wenzangu ni dogo: mwanafunzi akiandika "rangi ya" kisha akataja kitu ambacho hakimo katika orodha ya istilahi, tusimkate kabla hatujaitazama picha aliyoitazama. Tubishane naye juu ya kitu alichokichagua. Pengine kuvu si sahihi, pengine ni maji ya dimbwi yaliyotuama. Ubishi huo ndio uhakiki.

Nakala ya tasnifu niliyoitaja mwanzoni ipo maktabani, na katika ukurasa ule bado pameandikwa "kijani". Atakayeiazima ajue kwamba neno hilo ni langu, si la mwandishi.