Kanuni ya Alama 350
Hotuba ya Karani wa Chama iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nakuru



Kamati imetuagiza tuseme juu ya mitihani ya shule na elimu ya juu, kwa kuwa katika hesabu za mwaka huu mtaona ya kwamba fungu kubwa la fedha zenu limekwenda katika basari. Hatukusimama hapa kuwafundisha wazee. Tumesimama kuungama kosa letu, na kuomba kanuni moja ya chama ibadilishwe.

Wamo humu ukumbini wazee waliofanya mtihani wa darasa la nne katika miaka ya 1950. Wakati ule, kufuatana na taarifa ya Beecher ya mwaka 1949, mtoto wa Kiafrika alisoma miaka minne, akachujwa. Akasoma minne mingine, akachujwa tena. Waliobaki nje walirudi mashambani kwa mabwana wao, kukama ng'ombe na kuchuma pareto, na wengi wao hawakuwa wajinga hata kidogo. Nafasi ndizo zilizokuwa chache. Hapa kwetu Njoro, Lord Egerton alifungua shule ya kilimo mwaka 1939, nayo ilikuwa ya vijana wa Kizungu. Haikufunguliwa kwa watu wa rangi zote mpaka mwaka 1961. Leo ni Chuo Kikuu tangu mwaka 1987, na watoto wa wale wakama ng'ombe wamesoma humo.

Uhuru ulipopatikana, Tume ya Profesa Ominde ya mwaka 1964 iliunganisha shule za rangi mbalimbali kuwa za taifa moja. Lakini chujio halikuondoka, lilibadilishwa jina tu. Ukaja mtihani wa CPE, na waliofaulu wakakosa nafasi wakajengewa shule za harambee kwa michango ya watu kama ninyi. Kisha mwaka 1985 ukaja mtindo wa 8-4-4 pamoja na KCPE, ambao ulidumu hadi mwaka 2023. Kila Novemba mtoto wa miaka 13 au 14 aliingia chumbani na penseli, na yale aliyoyaandika kwa siku chache yakamfuata maisha yake yote.

Sasa tuseme la kwetu. Chama hiki kilipoandika kanuni za basari, tuliweka sharti la alama 350 katika 500. Tuliona ni haki, maana nambari haina ndugu wala jirani, na hakuna mzee awezaye kulaumiwa ya kuwa amempendelea mjukuu wake. Mwanzoni mwa mwaka 2019 yaliletwa mbele yetu maombi mawili. Mvulana alikuwa na alama 351, kutoka shule ya kulipia, yenye basi la kuwachukua watoto mlangoni. Msichana alikuwa na 347, binti wa mjane wa upande wa Bahati, kutoka darasa ambalo kitabu kimoja kilisomwa na watoto wanne, tena alfajiri aliteka maji kabla ya kwenda shule. Tulimpa mvulana. Sisi wenyewe ndio tulioandika barua ya kumnyima msichana, nayo ilikuwa na mistari mitatu tu.

Aliingia shule ya kutwa, akawa akirudishwa nyumbani kwa ajili ya michango na malimbikizo, hata katika kidato cha pili hakurudi tena. Mwaka juzi alifika ofisini kuomba barua ya kumjulisha kwa chuo cha ushonaji. Hakutulaumu, wala hatukuwa na ujasiri wa kumkumbusha.

Wanachama wapendwa, zile alama nne zilipima nini? Hatusemi mtihani ni kitu kibaya. Tulisoma shule ya misheni, na mtihani ndio uliotutoa kijijini. Lakini ule uliopangwa kuchagua wachache kwa sababu ya uhaba wa nafasi tuliugeuza kuwa kipimo cha nani anastahili kusaidiwa.

Tena kanuni yenyewe sasa imekufa, maana KCPE haipo. Chini ya mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017, mtoto hupimwa katika gredi ya sita, hupimwa shuleni katika gredi ya saba na ya nane, na katika gredi ya tisa hufanya mtihani uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Huo wa mwisho huchukua asilimia 60 ya hesabu, wa gredi ya sita 20, na kazi za shuleni 20. Kisha mtoto huelekezwa katika njia moja ya tatu: sayansi na ufundi, elimu ya jamii, au sanaa na michezo. Kundi la kwanza liliingia gredi ya kumi Januari 2026.

Wapo katika kamati waliosema tuhesabu viwango vya masomo yote tisa, ambavyo jumla yake ni pointi 72, tuweke mpaka mpya, mambo yaendelee kama zamani. Twapinga. Kwa mpango huu mtoto hatupwi nje kwa sababu ya pointi. Kila mmoja amepangiwa shule. Kinachomrudisha nyumbani ni karo. Shule ya bweni ya daraja la juu huomba shilingi 53,554 kwa mwaka, mbali na sare, godoro na nauli, na mtoto wa Nakuru huweza kupangiwa mbali mno na kwao. Tukiweka mpaka wa pointi, serikali itakuwa imefungua mlango nasi tumeufunga.

Na huko juu vilevile. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2024 walioketi walizidi laki tisa, na waliopata C+, ambayo ndiyo kibali cha chuo kikuu, hawakuzidi sana robo. Hao robo wana mkopo wa HELB na ufadhili wa serikali wa kutegemea, ijapokuwa mpango wa mwaka 2023 wa kuwagawa kwa mapato ya wazazi umefikishwa mahakamani. Robo tatu waliosalia, basari yetu haiwataji. Chuo cha ufundi cha Rift Valley kiko hapa mjini, nacho kilianza miaka ya 1970 kwa harambee. Baadhi yenu mlichanga. Si jambo la ajabu kwamba chama hakijamlipia hata mwanafunzi mmoja wa chuo kile?

Mzee mmoja alituuliza, na swali lake ni zito: je, tukiacha alama, hatutawazawadia wavivu? Kwa hiyo tumeacha theluthi moja ya mfuko kwa wenye matokeo bora. Theluthi mbili zitolewe kwa kuangalia hali ya nyumba, zikiwemo karo za vyuo vya ufundi, na wajumbe wawili wafike nyumbani kwa mwombaji kabla ya kamati kukaa. Twajua kazi hii itachosha, na maneno ya upendeleo yatasemwa. Ndiyo sababu twaomba majina ya waliopewa na ya walionyimwa yasomwe mbele ya mkutano huu kila mwaka, na sababu zake.

Nakala za kanuni mpya ziko mezani kwa Mweka Hazina. Kura itapigwa baada ya chakula. Na yule binti wa Bahati, ombi lake la karo ya chuo ndilo la kwanza katika jalada.