Rante ya ulemavu: nini ya kufanya wakati dosie imekataliwa

Mazungumzo tuliyotoa Makobola mbele ya wanachama

Tumeombwa kusema juu ya ndugu zetu waliotoka jeshini na majeraha ao magonjwa, wakaomba rante ya ulemavu, na leta ikawajibu hapana. Wengine hawakujibiwa kabisa.

Tuanze na neno gumu, juu tukilificha tutawadanganya. Hapa tuko na watu wa namna tatu, na haki zao si moja. Kuko askari mwenye namba ya matrikule, aliyeumia akiwa kazini katika FARDC. Huyu anasimama juu ya sheria namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013, ile ya hali ya askari. Kuko yule aliyefika Luberizi wakati wa brasaji, akachagua kurudi raia. CONADER ilimupa dola 110, kisha dola 25 kila mwezi kwa muda wa mwaka. Ile ilikuwa franga ya kuanzia maisha. Haikuwa malipo ya mguu, wala haikugeuka pensheni. Na kuko wa tatu, aliyepigana katika milima ya Fizi bila kuingia jeshi hata siku moja. Mbele ya leta, huyu hana kazi ya kuonyesha. Tunamwelekeza kwa P-DDRCS, programu iliyoundwa 2021, na tunamwambia hivyo siku ya kwanza, mbele auze mbuzi ya nauli ya Bukavu.

Ba mama na raia wote mulioumizwa hapa Makobola mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999, mlango wenu ni mwingine: FONAREV, kufuatana na sheria ya tarehe 26 Desemba 2022. Musichanganye dosie hizi mbili.

Sasa, kwa nini dosie inakataliwa? Katika zile tulizosoma, ni mara chache mtu anabisha ulemavu wenyewe. Mutu akifika na mguu mmoja, hakuna karani atasema iko miwili. Anachouliza ni hiki: uliumia wapi, na nani aliona? Papa mmoja wa ushirika wetu alifanya miaka mingi karibu na mota. Leo sikio la kushoto limekufa. Sertifika yake ilisema tu: "hasikii sikio la kushoto." Basi. Muganga aliandika ukweli, lakini hakuna aliyemuuliza sikio lilikufa namna gani. Tulirudi naye kwa muganga tukiwa na karatasi ya kikosi chake na ushuhuda wa wenzake wawili, uliosainiwa. Muganga akaongeza kwamba kutosikia kwa namna ile kunapatana na makelele ya silaha kwa miaka mingi. Ile mistari miwili ndiyo ilikosa. Jibu halijarudi bado, hatutaki kuwaambia kwamba amepata.

Magonjwa ya pole pole ni magumu kupita risasi: kifua, mgongo, kushtuka usiku. Wale wenye watoto waliotoka kambi ya Nyarugusu wakaenda Marekani, waulizeni. Hata kule askari wa zamani anaombwa vitu vitatu: ugonjwa wa leo, jambo lililotokea kazini, na neno la muganga la kuviunga. Akikataliwa, iko na mwaka mmoja wa kuomba dosie itazamwe tena. Mwaka 2022 walipitisha sheria ya PACT, na kwa magonjwa fulani ya waliovuta moshi wa mashimo ya takataka, kiungo kile kinadhaniwa tu. Huku kwetu usitegemee kudhaniwa. Beba karatasi.

Basi ukikataliwa, omba jibu la maandishi. Andika juu ya bahasha siku uliyoipokea, kwa sababu muda wa kulalamika ni mfupi, unahesabiwa kwa miezi. Lalamika kwanza kwa biro ile ile iliyokukatalia, na nakala yako ipigwe muhuri na tarehe. Bila ile nakala, mahakama itakuuliza ulilalamika wapi, na hutakuwa na jibu. Orijinali isitoke mkononi mwako, hata kwa mtu wa ukoo.

Mama mmoja aliuliza: na kama mashahidi wote wamekufa? Tutafute kitabu cha hopitali, karne ya matunzo, listi ya mshahara, picha ya mutu akiwa na kombati. Wajane, musichome karatasi za marehemu.

Kwa wafadhili: franga yenu inalipa nauli ya mashahidi, muganga na fotokopi. Hailipi kahawa ya karani. Mwanachama akiambiwa kwamba dola 50 itasukuma dosie, atuletee jina.

Juma tatu tuko biro ya ushirika tangu saa mbili asubuhi. Muje na kila karatasi, hata iliyolowana na ziwa.